Sura ya Sita: Beberu wa Kesho

Katika vijiji vya Banalia, nchini Kongo, mbuzi dume anayewapita wenzake kwa uzuri hakai sana kijijini. Mnunuzi akifika na baisikeli yake kutoka upande wa Kisangani, jicho lake linamwendea yule mwenye kifua kipana na manyoya yanayong'aa. Mfugaji aliyebanwa na karo ya watoto au gharama za matanga hawezi kumnyima. Mbuzi anafungwa miguu, analazwa nyuma ya baisikeli, na safari ya kilomita 128 kwenda mjini inaanza. Anayebaki zizini ni yule ambaye mnunuzi alimpita bila kumgusa: mfupi kuliko wenzake, mbavu nje, mkia umelowa kwa kuhara. Majike wakiingia joto mwezi unaofuata, huyo ndiye atakayewapanda.

Mambo yakienda hivyo mwaka baada ya mwaka, kijiji kinakuwa kimechagua mbegu bila kujua kwamba kimechagua. Wafugaji husema mbuzi wa siku hizi wamekuwa wadogo, wanazaa kwa tabu na watoto wao hawafiki mbali, wakalaumu majani, mvua au maradhi. Mambo hayo yana sehemu yake. Lakini jike mmoja huzaa watoto wawili au watatu kwa mwaka, na beberu mmoja anaweza kuzaa hamsini. Nusu ya damu ya kila mwanambuzi inatoka kwa baba, na baba huyo kwa kawaida ni mmoja kwa zizi zima. Kumpata baba mwema na kumwandaa tangu utotoni ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote ambazo mfugaji asiye na mtaji anaweza kuzifanya.

Farasi hakufika, mbuzi alibaki

Katika nchi za farasi jambo hili la kumchagua baba limejulikana zamani. Huko Wales, magharibi ya Uingereza, wafugaji wa poni, yaani farasi wa kimo kifupi, wana chama chao tangu mwaka 1901. Mwanafarasi dume anayetarajiwa kuwa baba huletwa uwanjani akiwa bado kijana, amevaa hatamu, akiongozwa na mtu anayetembea ubavuni pake. Waamuzi humtazama akiwa amesimama, kisha akitembea, kisha akienda mbio fupi. Hukagua miguu, kwato, kinywa na mwendo, na hupima pia tabia: je, anatulia katikati ya kelele, au anauma na kurusha mateke? Madume wasiofaa kuwa baba huhasiwa. Kwa mfugaji wa huko, kuhasi ni sehemu ya kawaida ya ufugaji mwema.

Farasi hawakupata makao Banalia, na sababu inajulikana: mbung'o. Mwaka 1895, daktari David Bruce alipokuwa Zululand, aligundua kwamba nagana, ugonjwa uliokuwa ukiua farasi na ng'ombe, unaletwa na kijidudu cha damu kinachosambazwa na mbung'o. Kando ya mto Aruwimi, kwenye kivuli cha miti na maji, mbung'o yuko kwake. Msafara wa mpelelezi Stanley ulipopanda mto huo mwaka 1887, mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya watu, wengi wao wakiwa wameajiriwa Unguja. Kundi la nyuma la msafara huo liliteseka kambini Yambuya kwa karibu mwaka mzima, na mkuu wake, Barttelot, aliuawa papa hapa Banalia mwezi Julai 1888. Njia hiyo haikuwa ya mnyama wa kupandwa.

Mnyama aliyeimudu nchi hii ni mbuzi mfupi wa msituni. Kwa vizazi vingi ameishi na mbung'o, na mwili wake umejifunza kustahimili vijidudu ambavyo vingemlaza farasi. Ustahimilivu wa namna hiyo ndio uliowafanya Wabelgiji, kuanzia miaka ya 1920, waagize ng'ombe aina ya N'Dama kutoka Afrika Magharibi na kuwaleta Kongo. Kwa hiyo mfugaji wa Banalia anayetamani beberu mkubwa wa kigeni afikiri mara mbili. Mbuzi mrefu wa nyanda za juu anaweza kupendeza sokoni, kisha akafa kabla hajaacha mtoto. Hazina iko zizini tayari. Kinachotakiwa ni kuitambua kabla haijafungwa kwenye baisikeli.

Anza kwa mama yake

Mwanambuzi dume wa miezi mitatu hajaonyesha mengi, ila mama yake ameshaonyesha. Kabla ya kumtazama mtoto, uliza habari za mama. Amezaa mara ngapi? Je, huzaa mapacha, na wote wawili hukua? Mimba ya mbuzi huchukua miezi mitano, kwa hiyo jike mwema anaweza kuzaa kila baada ya miezi minane hivi. Anayezaa mara moja kwa mwaka, au anayezaa wawili na kumzika mmoja kila mara, asitoe beberu wa zizi hata kama mtoto wake ni mzuri wa kutazama.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mtoto aliyezaliwa peke yake hunyonya maziwa yote, naye akifika miezi mitatu anaonekana kama bingwa. Pacha aliyegawana maziwa na ndugu yake, akawa amepungua kidogo tu, huenda ana nguvu zaidi katika damu yake. Mlinganishe kijana na waliozaliwa mwezi mmoja naye na kwa namna moja naye: pacha kwa pacha, wa pekee kwa wa pekee.

Mizani ikikosekana, kamba inatosha. Ipitishe kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, mbuzi akiwa amesimama wima na kichwa kimeinuka, uivute mpaka iguse ngozi bila kubana, ukafunge fundo. Rudia kila mwezi kwa kamba ile ile. Baada ya miezi mitatu mafundo yenyewe yatakuambia nani anapanuka na nani amesimama. Mama mwenye mbuzi sita anaweza kutundika kamba sita ukutani, kila moja na alama yake. Hicho ni kitabu cha kumbukumbu kamili, na mtoto yeyote wa nyumbani ataweza kukisoma.

Ukaguzi wa mkono

Kijana akitimiza miezi mitano au sita, mshike umkague. Anza na kinywa. Mbuzi ana meno ya mbele kwenye taya la chini tu, manane. Ufunge mdomo wake, kisha inua midomo taratibu kwa vidole: meno yaguse sawasawa ule ufizi mgumu wa juu. Taya likiwa fupi au likichomoza mbele, atashindwa kukata majani vizuri, na kasoro hiyo huenda akaiacha kwa watoto.

Panda kwenye jicho. Vuta ukope wa chini na utazame nyama ya ndani. Wekundu au waridi iliyoiva ni heri. Weupe unaonyesha kwamba damu imepungua, mara nyingi kwa sababu ya minyoo ya tumbo inayonyonya damu. Ukiwa na madume wawili waliolishwa mahali pamoja bila dawa, mmoja jicho lake jekundu na mwingine jeupe, umejifunza jambo kubwa kuhusu nani anastahimili minyoo.

Tazama pembe. Wengine hupenda dume asiye na pembe kwa sababu haumizi watu. Lakini kwa mbuzi, kukosa pembe kumefungamana na kasoro ya uzazi: dume asiye na pembe akimpanda jike asiye na pembe, baadhi ya watoto wanaopaswa kuwa majike huzaliwa na maumbile ya kike na kiume yaliyochanganyika, nao hawazai kamwe. Beberu mwenye pembe huliepusha zizi na hasara hiyo.

Pitisha kiganja juu ya uti wa mgongo mpaka kiunoni. Mgongo uwe mnyoofu, usiobonyea. Msimamishe mahali tambarare, umtazame kutoka nyuma: miguu ya nyuma isimame wima, magoti yasigongane, maana ndiyo itakayobeba uzito wake akimpanda jike. Kwato ziwe ngumu na sawa. Zilizopinda kwa urefu tu zikatwe kwa kisu kikali, kidogo kidogo, kisha umkague upya.

Mwisho, korodani. Ziwe mbili, zimeshuka zote, zinalingana, na ukizishika ziwe imara kama msuli uliokazwa, zikiteleza ndani ya mfuko wake bila uvimbe. Mwenye moja tu, au mwenye moja iliyofichika tumboni, aondolewe kwenye hesabu bila huruma, kwani kasoro hiyo hurithiwa. Kati ya wawili wenye umri mmoja, mwenye korodani kubwa zaidi kwa kawaida ana mbegu nyingi zaidi, na binti zake pia huelekea kukomaa mapema.

Kumlea dume kijana

Aliyepita ukaguzi bado ni mtoto, ingawa mwenyewe hajui. Mbuzi dume anaweza kutia mimba akiwa na miezi minne au mitano. Akiachwa pamoja na mama na dada zake, atawapanda. Kwa hiyo akifikisha miezi mitatu au minne, hata kabla ya ukaguzi, atengwe, lakini asiwe peke yake. Mpe mwenza, dume aliyehasiwa au kijana wa rika lake, kwa sababu mbuzi wa pekee hulia, hukonda na huvunja kamba.

Malezi ya tabia huanza hapo. Watoto wa nyumbani hupenda kumsukuma kwenye paji la uso, naye husukuma, wakacheka. Akiwa na kilo nne ni mchezo. Akiwa na kilo thelathini na pembe, atamwangusha bibi anayechota maji. Wenye farasi nao wanajua kwamba mwanafarasi anayeachwa aume mikono kwa mchezo hukua akiwa hatari. Sheria ya nyumba iwe moja: beberu kijana hasukumwi kichwani, hapandwi mgongoni, hapigwi. Anashikwa kila siku kwa utulivu, anazoezwa kamba shingoni, anazoea kuinuliwa mguu na kufunguliwa mdomo. Dakika chache jioni, anaporudi malishoni, zinatosha.

Nchi hii inalijua somo hilo. Kaskazini ya Banalia, katika Uele, mwanzoni mwa karne ya 20 ilianzishwa kazi ya kuwafuga tembo wa Kiafrika, kwanza Api, baadaye Gangala-na-Bodio. Walikamatwa tembo wachanga, wakapewa walezi wa kuwa nao siku zote, wakazoezwa hatua kwa hatua mpaka wakalima na kukokota magari. Kilichofanikisha kazi ile ni umri wa mnyama na subira ya mlezi. Kama tembo aliweza kuzoezwa, mbuzi hana kisingizio, wala mwenye mbuzi.

Chakula kimjenge bila kumnenepesha. Majani ya porini ya namna nyingi ndiyo msingi. Maganda ya muhogo ni nyongeza nzuri, ila yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, maana yakiwa mabichi yana sumu. Mashudu ya mawese, kiganja kimoja kimoja, yanasaidia. Nafaka nyingi ni hatari kwa dume: humletea vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo, na aliyezibwa hufa kwa maumivu. Maji safi na chumvi visikosekane.

Mwili wa beberu huchukua takribani wiki saba kutengeneza mbegu. Basi ukitaka apande vizuri mwezi wa tisa, mwongezee chakula tangu wa saba. Na akipata homa kali leo, usishangae majike kurudi kwenye joto baada ya mwezi mmoja. Mpe muda kabla ya kumhukumu.

Siku ya kumtoa hadharani

Hapa ndipo Banalia inaweza kujifunza kutoka kwa wengine bila kuwaiga kila kitu. Nchini Ethiopia, kuanzia mwaka 2009, watafiti wa kituo cha ICARDA na wenzao wa nchini walifanya kazi na wafugaji wa kondoo wa Menz, Bonga na Horro. Vijana madume wa eneo zima walikusanywa siku moja. Kwanza ziliangaliwa kumbukumbu za ukuaji wao na za mama zao, kisha wazee waliochaguliwa na wafugaji wenyewe wakawakagua kwa macho na mikono. Waliopita walibaki kuwa kondoo dume wa mbegu wa jamii nzima. Wengine waliuzwa au kuhasiwa. Nchini Kenya, wafugaji wa mbuzi wa maziwa wa Meru na Nyeri waliweka beberu kwa mfugaji mmoja, majirani wakawa wanapeleka majike kwake kwa malipo madogo, na baada ya muda beberu akahamishiwa kundi jingine.

Kijijini Banalia, siku ya soko inafaa. Kila mwenye kijana amlete akiwa amesafishwa, kwato zimekatwa, anatembea kwa kamba bila kukokotwa. Asilishwe kupita kiasi wiki ya mwisho ili tumbo lijae: mkono wa mkaguzi kwenye mgongo utamfichua. Mama mzazi wa dume aletwe pia, na kamba ya mafundo iwe mkononi mwa mwenyewe. Wakaguzi wawe watatu au watano, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa katika nyumba nyingi mama ndiye ajuaye mbuzi yupi alizaa lini. Asiwemo mwenye mbuzi wake kwenye mashindano. Wamwite kila mmoja kwa zamu, wamkague mbele ya watu, na waseme kwa sauti walichokiona: “Mama, huyu kifua kizuri, meno sawa, ila korodani moja haijashuka, huyu ni wa sokoni.” Vijana wanaosikiliza watajifunza kwa asubuhi moja kile ambacho wangekosa kwa miaka.

Kisha lije suala la fedha, ambalo bila hilo mengine yote ni maneno. Mwenye beberu bora anayeombwa asimuuze anabeba hasara peke yake ili wengine wapate mbegu njema. Haifai. Kundi la wafugaji lichange kabla ya siku ile na limnunue mshindi kwa bei ile ile ambayo mnunuzi wa Kisangani angetoa, palepale, mkononi. Kuanzia hapo ni mbuzi wa wote. Akimaliza kazi yake atauzwa akiwa mkubwa na mzito zaidi, na fedha hiyo itamnunua anayemfuata.

Mwaka mmoja, kisha ahame

Beberu kijana aanze kazi akiwa na miezi kumi hadi kumi na miwili, na mwanzoni apewe majike wasiozidi kumi. Akikomaa anaweza kuhudumia ishirini na tano au thelathini.

Sasa piga hesabu. Akipanda mwezi wa kwanza, majike huzaa mwezi wa sita. Binti zake wakifikisha miezi sita au saba, yaani kuelekea mwezi wa kwanza ujao, wanaingia joto, na baba yao bado yuko zizini. Akiwapanda, robo ya urithi wa watoto hao inakuwa imejirudia kutoka pande zote mbili, na hapo ndipo vifo vya wachanga, udumavu na utasa huongezeka. Kwa hiyo baada ya mwaka mmoja hivi beberu huyo ahame, hata kama anapendwa sana. Vijiji vilivyopangana kando ya barabara ya Kisangani vinaweza kupeana kwa mzunguko: cha kwanza kikipe cha pili, cha pili kikipe cha tatu, na cha mwisho kikipe cha kwanza. Kabla ya kuchanganywa na wenyeji wake, mgeni akae kando siku ishirini na moja. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoenea Kongo na kutangazwa kuwa tishio kubwa mwaka 2012, husafiri pamoja na mnyama anayeonekana mzima. Chanjo ipo, daktari wa mifugo wa teritwari aulizwe mapema.

Na wale madume wengine? Wauzwe au wahasiwe mara tu ukaguzi ukimalizika. Pasipo hatua hii kazi yote inaharibika, kwa sababu majike hupandwa na aliye karibu, na kijana mmoja aliyesahauliwa anaweza kumtangulia bingwa usiku mmoja. Aliyehasiwa hunenepa vizuri, nyama yake haina harufu kali, na mnunuzi wa mjini atamlipia.

Hakuna kati ya haya linalosubiri mradi wala wafadhili. Kamba ipo, mikono ipo, na ujuzi wa akina mama upo. Kinachopungua ni makubaliano, na makubaliano hayafanyiki mnunuzi akiwa ameshaegesha baisikeli mlangoni. Wafugaji wakae mapema na kapita wa kijiji chao, waandike majina ya waliochanga, waweke siku ya ukaguzi, na waape kwamba beberu mshindi hatauzwa mpaka amalize mwaka wake. Mwaka wa kwanza tofauti itakuwa ndogo. Mwaka wa tatu, wajukuu wa beberu huyo wakisimama pamoja na mbuzi wa kijiji kisichochagua, hata mtoto wa shule atawatenga kwa kuwatazama tu, na mnunuzi atakayekuja atalipa bei ya mbuzi bora, huku aliye bora kuliko wote akibaki nyumbani.